Maafisa Wanne na Mama Mmoja

Katika ofisi yetu ya Homa Bay kulikuwa na mkuu mmoja, maafisa wanne, dereva, mlinzi na mama. Mama nilikuwa mimi.

Sikujibandika jina hilo. Nilipewa siku ile ile nilipohamishwa kutoka ofisi ndogo ya Migori, ambako nilikuwa karani wa kupiga taipu, na nilipewa kwa heshima. Huku kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake kavukavu, hasa na vijana. Maafisa wote wanne walikuwa wadogo kwangu. Walinisalimia vizuri kila asubuhi, walinifungulia mlango nikiwa nimebeba mafaili, na waliniita mama. Mkuu wetu, mzungu mpole aliyeletwa na shirika kutoka ng'ambo, aliwasikia, naye akaniita mama. Ningekataaje? Mwanamke akikataa kuitwa mama, watu watauliza ana ugonjwa gani.

Lakini heshima nyingine ni shimo lililotandikwa mkeka. Afisa akiitwa mkutanoni anaitwa azungumze. Mama akiitwa anaitwa aangalie kama chai imefika. Afisa akilala safarini analipwa marupurupu ya safari, na mama akilala safarini huandikwa kwamba amewasindikiza maafisa. Mimi nililala kwenye mikeka ya watu kuanzia Ndhiwa mpaka kisiwa cha Remba, nikang'atwa na kila aina ya mdudu anayeng'ata, na katika vitabu vya shirika nilikuwa nimesindikiza.

Shirika lenyewe lilikuwa kubwa, lina ofisi katika nchi ambazo nyingine sikuwahi kuzisikia hata kwenye redio. Ukutani mwetu kulikuwa na bango lake, picha ya mikono ya rangi zote imeshikana, na maneno ya kusema kwamba wafanyakazi wote ni sawa. Chini ya bango hilo ndipo palikuwa na meza yangu, karibu na birika.

Kazi tuliyokuja kuifanya ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Tuliwafundisha wanawake wa ufukweni kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya vichanja vya neti badala ya kuwaanika mchangani, ili anayenunua asitafune mchanga. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa mafunzo. Niliyekuwa namsaidia sijamwona mpaka leo. Maafisa walileta neti, mbao na misumari, wakaandika walichoandika, gari likageuka. Aliyebaki na akina mama, akavua viatu, akawaonyesha jinsi ya kukaza neti isibonyee katikati, nilikuwa mimi, Mkuria wa mpakani, kwa Kiswahili na kwa Kidholuo changu cha kuchechemea.

Mmoja wa maafisa hao alikuja akitoka chuoni moja kwa moja. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha hata kwamba huanzi habari ya neti kabla hujauliza habari ya wagonjwa wa boma. Kabla sijamaliza kumfundisha alikuwa amepandishwa cheo mara mbili, na mshahara wake sikuuliza tena maana jibu lingeniharibia chakula. Kijana mwenyewe alikuwa mwema. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu angekuwa mjeuri ningepata mtu wa kumchukia.

Halafu kulikuwa na habari ya nyumba. Kila afisa alipewa marupurupu ya nyumba. Mimi sikupewa, na sababu niliyoelezwa, kwa sauti ya upole kabisa, ni kwamba mwanamke aliyeolewa ana nyumba ya mumewe. Ni kweli alikuwa nayo. Mume wangu alikuwa mwalimu, na nyumba yake ilikuwa ya shule, kule Migori. Mimi nilipanga chumba kimoja nyuma ya soko la Homa Bay, kitanda na jiko vinagusana, na watoto wetu wawili walibaki na baba yao. Niliwaona kuanzia Ijumaa jioni, gari likiwahi, mpaka Jumapili mchana. Nilimwambia mkuu kwamba nyumba ya mume wangu haina magurudumu. Alicheka sana, akasema nina ucheshi, na marupurupu hayakuja.

Kwa hiyo nafasi ya Afisa Mkuu wa Mafunzo ilipotangazwa, niliitaka, na sikuificha tamaa yangu. Nafasi hiyo ilikuja na nyumba, nyumba ya shirika, vyumba vitatu, maji ndani. Watoto wangu wangesoma Homa Bay na kulala chini ya paa moja na mimi. Mdogo alikuwa ameanza kuniita shangazi kwa kuchanganyikiwa, na kila mtu aliona ni mchezo isipokuwa mimi. Tulioomba tulikuwa wawili, mimi na yule kijana wangu.

Mwezi huo huo makao makuu yakamtuma mgeni, mwanamke, aje achunguze kwa nini wanawake katika shirika wanabaki vyeo vya chini. Miaka ile mwanamke akiuliza swali lolote ofisini aliambiwa ameleta mambo ya Beijing, ule mkutano wa wanawake wa dunia, lakini mgeni huyu Beijing ilikuwa imemleta yeye. Mlinzi aliniambia, "Mama, sasa hiyo kitu ni yako. Huyu ni mwanamke mwenzako." Hata mimi niliamini. Usiku wa kuamkia siku ya kuja kwake nilipiga pasi gauni langu la kanisani.

Mgeni alikuwa na bidii. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani Unguja, chote kimenyooka, na hakutaka mkalimani. Alitaka kuwasikia watu wenyewe. Alitangulia kutupa sharti moja: tukifika kwa wanawake, sisi wa ofisi tukae nyuma na tusiseme neno, tusije tukawatia maneno mdomoni. Sharti zuri. Nililiunga mkono kwa kichwa.

Tulikwenda ufukwe mmoja upande wa Mbita. Gugumaji lilikuwa limefunga maji, mashua zimekwama, na wanawake hawakuwa na kazi nyingi siku hiyo, wakaja wengi. Mwenyekiti wa kikundi, mama mzee mwenye sauti ya kuuza samaki, angeweza kusema Kidholuo, lakini kwa kumheshimu mgeni alichagua Kiswahili. Na hapo ndipo niliponyongwa.

Mgeni aliuliza, "Nani aliwafundisha kutengeneza vichanja hivi?"

"Mama," akasema mwenyekiti. "Ni mama ndio wanatufundishanga. Mama hata wanatushika mkono, wanasema, neti vuta hapa, hapa wacha."

Sasa, anayekijua Kiswahili cha huku anajua kwamba hakisumbuki na umoja na wingi. Mtu mmoja wanakuja, watu kumi anakuja, na tunaelewana vizuri tu. Lakini mgeni alikuwa amefundishwa kwamba "wana" ni wengi. Uso wake ulifunguka.

"Akina mama wenyewe?"

"Mama wenyewe," mwenyekiti akathibitisha, kwa fahari, akinitazama.

"Na maafisa je?"

"Afisa wanaleta neti na misumari. Wanaandika, wanaenda."

Mgeni akaandika kwa furaha. Wanawake wanafundishana wao kwa wao! Niliona kabisa wazo likiingia kichwani mwake na kuketi. Niliinua mkono. Sikuinua sauti, niliinua mkono tu, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kutoka. Akanitazama kwa upole mkubwa.

"Tafadhali, dada," akasema, "leo tuwasikilize wanawake wenyewe."

Nikaushusha mkono. Mimi na uanamke wangu wote, nikaushusha. Kijana wangu alikuwa kando yangu, akatazama viatu vyake, na kwa mujibu wa sharti hakusema neno.

Garini wakati wa kurudi nilijaribu tena. Nilimwambia mgeni waziwazi, "Yule mama wanayemsema ni mimi." Aliuweka mkono wake juu ya mkono wangu, macho yamemlengalenga, akasema, "Ndiyo. Sisi sote ni mama." Hakuwa na mtoto hata mmoja, alikuwa ametuambia mwenyewe asubuhi. Niligeuka nikaangalia nje mpaka tukafika mjini, kwa sababu ningefungua mdomo ningetukana, na kwa dini yangu kutukana si jambo dogo.

Kabla hajaondoka alitusomea maoni yake ofisini. Aliwasifu akina mama wa ufukweni, ambao wamejikomboa kwa ujuzi wao wenyewe. Kuhusu ofisi, alisikitika kwamba mwanamke wetu wa pekee hatajwi kabisa na jamii. Akapendekeza nitiwe moyo nianze kutoka nje ya ofisi, polepole, kwa kadiri nitakavyoweza. Polepole! Nyayo zangu zilikuwa zimepasuka kwa mchanga wa ufukwe ule. Maafisa walipiga makofi, na mimi nikaenda kuangalia chai, kwa sababu ilikuwa imefika.

Kesho yake niliingia ofisini kwa mkuu. Nilimweleza neno kwa neno: mama si akina mama, mama ni mtu mmoja, mtu huyo ni mimi, na kila alichosikia mgeni kuhusu akina mama kilikuwa habari yangu. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema haki itendeke. Atakwenda mwenyewe ufukweni kuuliza. Hatanichukua mimi wala yule kijana, tusije tukawatisha watu. Atakwenda na dereva, na dereva atamtafsiria.

Nilifurahi. Dereva alikuwa mtu wangu, alikuwa ameniacha na kunichukua katika kila ufuo. Na kwa kuwa nilikuwa na mafunzo Mbita kabla ya siku hiyo ya mkuu, nilimwendea mwenyekiti nyumbani kwake. Pengine mtu atasema nilikosea. Na aseme. Nilikuwa nimechoka kuheshimiwa.

"Mkubwa wetu akija," nikamwambia, "msiniite mama. Niiteni afisa."

Mwenyekiti alikuwa anachambua omena. Akaacha. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Afisa ni mtu ya kuandika na kuenda. Wewe tunakula na wewe. Mtoto ya binti yangu ilizaliwa ukishika taa. Sasa nikuite afisa?"

Nilimweleza habari yote, mgeni na nyumba na watoto. Alinisikiliza, akasonya, akasema maneno kwa Kidholuo kuhusu mgeni yule ambayo sitayaandika. Kisha akaendelea kuchambua omena.

"Sawa," akasema. "Kama hiyo jina ndio italeta watoto yako, tutasema. Nitaambia wote."

Mkuu akaenda, akarudi jioni, na asubuhi akaniita. Uso wake niliuona mlangoni nikajua. Alikuwa mnyonge kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Nimeuliza mwenyewe," akasema. "Nimeuliza wanawake wengi. Wote wamesema afisa. Afisa ndiye aliyefundisha, afisa analala nao, afisa anakula nao. Wamemsifu sana huyo kijana. Hata sikujua amefanya kazi kubwa kiasi hicho. Pole, mama."

Niliuliza amejuaje kwamba afisa huyo ni yule kijana.

"Wanasema he," akasema mkuu. "Kila mara. He, he, he."

Nilitoka nje bila kuaga. Dereva alikuwa anaosha gari. Aliponiona aliacha kitambaa akaja mbio, meno yote nje. "Mama, jana nimekutetea, acha tu! Hakuna kitu nimewacha. Nimemwambia, the officer, he teach them everything. He sleep there, he eat there, he is very good."

Nikamtazama. Mtu yule alikuwa na mke na mabinti watatu, na kwa Kiingereza chake wote walikuwa he, neno la mwanamume. Mama yake mzazi alikuwa he. Kuku anayetaga alikuwa he. Na nani wa kumlaumu? Kiswahili kinasema yeye, Kidholuo kinasema en, na hakuna anayeuliza chini ya nguo kuna nini. Katika maisha yangu yote ya kazi, usawa pekee niliowahi kupewa bila kuuomba ulikuwa katika neno hilo moja, na ndilo lililonimaliza. Nilimwambia dereva asante, maana angejua alichofanya angelia.

Nikarudi kwa mkuu. Nikamweleza tena, safari hii habari ya he. Aliuinamisha uso mikononi akausugua, na alipouinua niliona kwamba subira yake imeisha, na si kwa ubaya, imeisha tu kama inavyokwisha ya mtu yeyote.

"Mama," akasema, "juzi ulikuja hapa ukaniambia kwamba mama ni wewe. Leo unaniambia kwamba he ni wewe. Je, nani katika kazi hii si wewe?"

Lilikuwa ndilo swali la maana pekee nililowahi kuulizwa katika ofisi ile, na aliliuliza kwa mzaha. Nilimwambia, "Wale wanne." Hakucheka, na hakusema nina ucheshi.

Kijana wangu akapata nafasi. Alikuja mezani kwangu akiwa na haya, akasema, "Mama, mimi sikutaka iwe hivi." Nilimwuliza kwa nini basi hakusema kule ufukweni, au garini, au siku yoyote kati ya zile zote. Akasema aliogopa ingeonekana anajipigania. Nilimwambia angenipigania mimi, na garini sharti lilikuwa limekwisha. Akahamia kwenye nyumba ya vyumba vitatu, peke yake, hakuwa ameoa, na mara ya kwanza alipopita na ufunguo mkononi ilibidi niingie stoo nijifungie. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mlango wa kubisha. Kila mtu alikuwa mwema. Mgeni alikuwa mwema, mkuu mwema, dereva mwema. Nilikuwa nimenyang'anywa watoto wangu na watu wema watupu.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kurudi Mbita kukaza neti za zamani. Nilikwenda, ningefanya nini? Nilipokanyaga tu mchanga niliona kwamba hakuna aliyekuwa kazini. Walikuwa wamefagia mbele ya nyumba ya mwenyekiti, wametoa viti, na moshi wa jiko ulinukia kuku. Wanawake wote walikuwa wamevaa vizuri. Mwenyekiti alinijia, akanishika mikono yote miwili.

"Tulikusema," akanong'ona, kama mtu aliyeiba kitu kwa niaba yangu. "Hakuna mtu aliteleza. Hata shosho yule mzee hasikii, tulimfundisha. Afisa, afisa, afisa, mpaka ule mkubwa yako akachoka kuandika. Watoto watakuja lini?"

Nilikuwa na maneno ya kweli mdomoni, yote yamepangwa. Nikawatazama, nyuso zao zinang'aa mafuta, wanangoja. Nikasema, "Shule zikifungwa."

Wakapiga vigelegele. Tukaketi. Wakaleta maji ya kunawa, wakaleta ugali, wakaleta kuku, na mwenyekiti mwenyewe akatia mkono kwenye bakuli, akatafuta, akatoa firigisi. Firigisi, kwao na kwetu Kuria pia, ni ya baba mwenye boma. Mimi nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, na sikuwahi kuiweka ulimini.

"Leo ni yako, Afisa," akasema, akaniwekea juu ya ugali wangu.

Wote wakaacha kula wanitazame. Nikaiokota. Ilikuwa ngumu, haikuiva katikati, na nilitafuna kwa muda mrefu huku wakitabasamu, mpaka nikafaulu kuimeza.